Jicho la Kornel Halijaiva

Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, mume wangu Kornel ndiye aliyepanga madaraja ya tumbaku yetu. Alishika jani, akaligeuza, akalinusa, akataja daraja, na hakuna aliyembishia. Mwaka 1983 mtoto wa jicho akampata macho yote mawili, kila jani akaliona la njano safi. Tukafunga marobota ya daraja la kwanza mpaka kamba zikatuishia. Mnunuzi akarudisha nusu.

Katibu wa kijiji, Silasi, akamwambia, "Mzee Kornel, yakirudi tena mwakani, benchi hilo la kupangia madaraja atakaa Marcelina."

Marcelina ni mdogo wangu. Kornel hakulala siku mbili.

Nikampeleka Tabora mjini kwa daktari wa macho aliyekuwa akizunguka mikoani. Daktari akammulika. "Baba, kesho natoa huo ukungu, na lenzi ya bandia naiweka humo humo, siku hiyo hiyo. Ninazo sita tu."

"Jicho limeiva?" Kornel akauliza.

"Siku hizi hatungoji. Ukungu ukikomaa unakuwa mgumu, na kazi inakuwa ngumu."

Kornel akatabasamu, akamwonea huruma. "Mwanangu, jani ukilichuma bichi, hata ulilaze banini, kwenye banda la kukaushia, wiki nzima na moto, litatoka kijani. Nimechuma miaka thelathini."

"Hili ni jicho, baba."

"Ndiyo maana nakufundisha."

Tukarudi, mimi nimebeba kapu, na yeye nimemshika mkono. Kila asubuhi alikaa mlangoni, akanikodolea. "Limefika wapi?"

"Linapauka. Bado kidogo," nilimjibu, nikaendelea kupepeta mchele.

Msimu uliofuata mboni zilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando. Akapanga madaraja kwa kunusa, kisha akatangaza kwamba sasa jicho limeiva.

Daktari alikuwa amerudi Tabora mjini, nikampeleka tena. "Lenzi zimekwisha, baba. Ya mwisho nilimwekea mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, fundi cherehani. Yeye hakuuliza habari za kuiva." Akautoa ukungu kwa taabu, akampa miwani minene kama kitako cha chupa.

Siku tuliyofika kijijini Kornel akaenda moja kwa moja bandani. Akachomoa jani kwenye robota, akalisogeza kwenye miwani. Lilikuwa la kahawia, lina madoa ya kijani.

"Nani kaliweka hili daraja la kwanza? Mtu huyo hana macho."

"Ni wewe, shemeji," Marcelina akajibu bila kuinua kichwa. "Kabla hujaenda mjini."

Kornel akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama tena. Kisha akajisogeza mwisho wa benchi. Marcelina akakaa, akalichukua lile jani, akalitupa kwenye kikapu cha daraja la nne.

"Lilichumwa bichi," Kornel akasema.