Kambare wa Kibara

Linki ilitumwa Jumatano na yule mtafiti aliyekaa kwetu mwaka jana. Aliandika kwamba kazi yake imeingia mtandaoni, kwenye kumbukumbu za utafiti kuhusu maisha ya jumuiya za Wayahudi dunia nzima. Kichwa kikanivimba. Sisi ni familia chache tu hapa Kigera tunaoishika dini hiyo ya Kiyahudi. Mimi, Mkatoliki wa Bugwema, niliingia kwa ndoa, na mume wangu Eliud ndiye kiongozi wetu.

Nilifungua nikitafuta sauti za watoto wetu wakiimba. Nikakutana na video ya Eliud akiwa Kibara, ameketi mbele ya sahani ya kambare. Sheria yetu inakataza samaki asiye na magamba, na anayeihubiri kila Jumamosi ni yeye. Pale alikuwa anachambua miba huku akicheka.

"Nyumbani silagi," alimwambia yule mtafiti. "Ila huku nani ananijua?"

Chini ya video waliandika tarehe: Februari mwaka jana.

Juni mwaka huohuo nilijifungua. Mama alikuja kutoka Bugwema na supu ya kambare, kwa sababu maziwa yalikataa kutoka na hiyo ndiyo dawa aliyoijua. Eliud alisimama mlangoni akasema sufuria hiyo haivuki kizingiti. Nikaitoa mwenyewe, majirani wanatazama, nikamwambia mama aheshimu nyumba yangu. Aliondoka bila hata kunywa maji. Agosti tulimzika, na hakuwa amerudi kwangu tena. Muda wote huo nilijifariji kwamba nilimtii Mungu. Kumbe nilimtii mtu aliyekwisha kushiba.

Eliud aliporudi jioni nilimpa simu. Aliitazama video mpaka mwisho, uso umemshuka. Nilingoja amtaje mama, japo kwa neno moja.

"Nani mwingine ameiona hii?" aliuliza.

"Sijui."

"Wewe ndiye unajua mambo ya mtandao, mama Agness. Waandikie hao watu waifute kabla ya Jumamosi. Waambie nilikuwa naonjaga tu, sababu ya utafiti."

Nilimchukia, na sioni aibu kusema. Alikuwa ananinyooshea simu, anangoja nianze kuandika.

"Video wataifuta," nilimwambia. "Lile la mama nimwandikie nani alifute?"