Kinyonga Asiyeshiba

Saa nane mchana, jua likiwa limejaa sebuleni mpaka chini ya makochi, taa zote za nyumba ya mama yake zilikuwa zinawaka. Fundi alisimama mlangoni na mfuko wa matunda mkononi, akadhani amekosea nyumba. Humu ndimo alimokulia akikemewa kwa kuacha taa ya bafuni ikiwaka muda wa kukohoa tu. Sasa mama yake alikuwa akipita chumba hadi chumba, swichi kwa swichi, akizima. Na kila alipozima moja aliinua simu, akasogeza miwani, akabonyeza.

"Mama, unafanya nini?"

"Shikamoo yako umeiacha wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Ngoja nimalize jikoni. Namlisha huyu mjusi wako."

Mjusi mwenyewe alikuwa kinyonga. Fundi, aliyebandikwa jina hilo na wenzake wa ofisini kwa kuwa hakuna programu iliyowahi kumshinda, alikuwa amemlea kwa miezi minane. Ulikuwa mchezo wa simu wa kuwazoesha watu kutunza mazingira. Ukizima taa isiyotumika, ukifunga bomba, ukikataa mfuko wa plastiki, unabonyeza. Kinyonga anapata jani, anakolea kijani na kukata mauno. Usipobonyeza anapauka, anajikunja na kudondosha chozi. Watu kumi walikuwa wakiujaribu, na Ijumaa ungeingia kwenye simu za wazazi wa shule sita.

Katika hao kumi, hakuna aliyemtoa kimasomaso kama mama yake. Wiki ya kwanza mama alitoka kapa, siku saba mfululizo. Wiki ya pili akapaa mpaka majani arobaini kwa siku. Jumatatu Fundi aliubandika mchoro wa namba zile ukutani, ofisi nzima ikitazama, akajipiga kifua. "Mnaona? Mtu mzima kabisa, na mchezo umembadilisha tabia." Leo alikuwa amekuja kumpongeza.

"Kwa hiyo unaziwasha ili uzizime?" aliuliza.

"Sasa nitazima nini kama hazijawashwa?" Mama yake aliketi, akaiweka simu mapajani. "Wiki nzima nilikuwa nangoja nikosee kidogo ili nijirekebishe. Taa sikuwasha. Bomba halivuji. Mfuko wa kwendea dukani ninao mmoja, niliushona kwa pazia la zamani. Basi mnyama akawa wa kijivu, akalia, akaniandikia, 'Rafiki, leo umenisahau.'" Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Nimekula chumvi nyingi, mwanangu, na sijawahi kumwaga maji yenye kazi. Nikaona haya. Jirani wa juu, naye yumo kwenye majaribio yako, bomba lake linatiririka kutwa, akilifunga tu mnyama wake anacheza. Nikasema labda ni mimi nisiyejua. Na sikutaka kukuangusha."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Miezi minane alikuwa amekuna kichwa namna ya kumrekebisha mharibifu. Mtu asiyeharibu hakumpitia akilini hata mara moja, ilhali ndiye aliyemzaa. Alikuwa ameoga nusu ndoo miaka yote ya utoto wake na kuona ni ubahili wa mama. Aliwahi hata kuwasimulia marafiki, wakavunjika mbavu. Kumbe alichokuwa akikitafuta kwenye kompyuta kilikuwa kimemlea, naye akakipelekea chozi la kuchora.

Alitoka nje, akampigia simu Mchoraji, mwenzake aliyemchora kinyonga.

"Bandua mchoro wangu ukutani," alisema. "Namba za mama si za kweli. Anawasha taa mchana ili apate kuzizima."

Mchoraji aliangua kicheko, kisha akajizuia. "Na Ijumaa?"

"Ijumaa haipo tena. Bosi nitamwambia mwenyewe. Kinyonga aanze akiwa wa kijani, na lile chozi ulifute."

"Asipolia, watu watabonyeza kwa nini?"

"Sijui bado."

Alijua bosi atakuja juu, tena ana haki. Hata hivyo, kusema tu kwamba hajui kulimwacha mwepesi, jambo ambalo hakulitarajia. Aliporudi sebuleni mama yake alikuwa ameshaosha matunda, na maji ya kuoshea ameyaweka kando kwenye beseni, bila kushika simu.

Fundi alivuta kiti mezani, akatoa daftari. "Mama, nisimulie siku yako ya jana. Tangu ulipofumbua macho."

"Jana? Jana sikufanya lolote la maana."

"Hilohilo ndilo ninalolitaka."

Mama yake alimkagua usoni kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi alijiweka sawa kitini, akaanza. Alieleza kwa nini kitanda chake kiko upande wa dirisha, na maji ya kunawa uso yanakwenda wapi yakitoka kwenye beseni, na jinsi kipande cha sabuni kinachoishia kinavyogandishwa kwenye kipya kingali kibichi. Hapo Fundi alimsimamisha, akataka aonyeshwe kwa mikono, wakacheka wote wawili. Kisha mama akaendelea, sasa bila kuombwa, akirudi nyuma kila alipokumbuka alichokiruka. Binti yake aliandika mpaka kidole kikamuuma. Ukurasa wa pili ulipojaa, mama alikuwa bado hajafika kwenye kifungua kinywa.