Benchi la Doktora Benilda

Alhamisi moja ya Mei, saa saba mchana, mlinzi wa kliniki ya magonjwa ya kuambukiza mjini Iloilo aligawa namba kama kawaida: kadi nyeupe kwa walio hai, kadi za njano kwa marehemu. Marehemu walikuwa kumi na mmoja. Wote walikwenda kukaa kwenye benchi la Doktora Benilda.

Mlango wa pili, Doktora Crisanta Magbanua aliwahesabu kupitia upenyo wa pazia, roho ikamuuma. Yeye na Benilda walikuwa wakimaliza mafunzo ya ubingwa, na kliniki ilikuwa na nafasi moja tu ya ajira. Profesa Gumban, mkuu wa kliniki, alikuwa na kipimo chake: daktari bora ni yule ambaye wagonjwa wake hurudi. Kila Desemba alihesabu sahihi za waliorudi daftarini, na marehemu walitia sahihi vizuri tu, kwa mwandiko unaosomeka kuliko wa madaktari.

"Hata waliokufa wanamfuata," Profesa alipenda kusema. "Huo ndio udaktari."

Crisanta alikuwa amefiwa na wagonjwa saba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumjulia hali. Ilimkera mno. Pale kliniki ilikuwa mwiko kula tambi za pansit siku ya kazi, kwa kuwa huleta wagonjwa wengi. Crisanta alizila stoo, kwa siri, Alhamisi tatu mfululizo. Wagonjwa walifurika kweli, wakiwemo marehemu wapya wanne. Wakaenda kwa Benilda.

"Ana nini yule ambacho mimi sina?" alimuuliza Ludivina, nesi wa zamu.

"Kijicho kitakutoboa tumbo, Inday, binti yangu. Si uwaulize wenyewe?"

Akamfuata Manong Teodulo, mzee mshona viatu aliyefariki Machi, aliyekaa na kofia yake mapajani.

"Manong, huyu Benilda amekulisha nini hata humwachi?"

"Anilishe nini, Doktora? Nangoja majibu ya makohozi. Aliniambia nirudi Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hakusema."

Majibu ya maabara hutoka kwa jina la daktari aliyeandika kipimo, na huwekwa kwenye droo yake. Lakini kila baada ya miezi mitatu madaktari wa mafunzo huhamishiwa wodini, na kufungua droo ya mwenzako ni utovu wa adabu. Siku hiyo Crisanta alikosa adabu, akafungua ya Benilda. Alikuta karatasi kumi na tano, moja kwa kila marehemu, zote na mhuri mwekundu wa kifua kikuu. Alifurahi kwanza. Aibu ilikuja baadaye, na haikukaa sana.

"Nilikuwa wodini," alisema Benilda alipoonyeshwa, macho yamemjaa machozi. "Nani angenifungulia?"

Profesa alizitazama karatasi alizopelekewa, akazirudisha. "Droo ni ya mtu binafsi, Doktora Magbanua. Na mimi nahesabu waliorudi."

Crisanta akaenda kufungua droo yake. Chini kabisa ilikuwapo karatasi moja, ya Nanay Felisa, mama muuza vitumbua vya mchele, ambaye alikuwa bado hai. Mhuri mwekundu, wiki tano zilizopita. Alishika simu bila kubonyeza. Alijua kwamba akinyamaza, benchi lake nalo litapata mtu wake, tena mwaminifu. Alilitaka jambo hilo, hakujidanganya. Kisha akapiga.

"Nanay, usingoje Alhamisi. Njoo leo hii."

"Leo nina oda ya vitumbua, mwanangu."

"Viache viungue. Njoo."

Nanay Felisa alianza dawa jioni ile. Kufikia Julai alikuwa amenenepa, akaomba kuchukulia dawa zahanati ya karibu na kwake. Mbele ya jina lake kwenye daftari pakaandikwa: hakurudi.

Desemba Benilda alipata kazi. Alhamisi iliyofuata alileta sinia la pansit kwa furaha, na kwa heshima yake mwiko ukawekwa kando. Crisanta alikula sahani mbili, akitafuna kwa hasira.

Wiki iliyofuata kadi za njano ziliisha kabla ya saa nane. Mlinzi akaomba nyingine na benchi la pili, na Profesa akaidhinisha vyote. Crisanta alishika upande mmoja wa benchi, wakalibeba hadi mlangoni kwa Benilda. Marehemu wakamshukuru, wakaketi. Alisimama akiwahesabu, na wivu ukamuuma vilevile.