Uongo Mmoja kwa Kila Somo

"Bado hajatokea?" mwalimu wa hesabu aliuliza, huku akimimina chai.

"Hajatokea," Bi Nikamate alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Alikuwa akisoma maoni yaliyoandikwa chini ya video yake, somo la mkataba wa bonde. Asante mwalimu. Ubarikiwe mama. Leo nimeelewa kitu kilichonishinda miaka yote ya shule. Mioyo myekundu, mikono ya makofi, sifa juu ya sifa. Mtu mwingine angekuwa ameshavimba kichwa. Yeye alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu, wa kumwambia kwamba amesema uongo.

Maana alikuwa amesema uongo kweli, tena wa makusudi. Tangu ujana wake wa ualimu, kila somo la historia alilitia uongo mmoja. Huingia darasani, huweka vitabu mezani, husema, "Leo nina uongo mmoja. Nikamateni." Basi hapo hata wale wa nyuma, ambao usingizi ndio somo lao kuu, hukaa wima wakamchunga kila neno. Akikamatwa, darasa zima hupiga kelele, naye hucheka kuliko wote. Jina la Bi Nikamate alipewa na wanafunzi, na hata mumewe alilitumia alipotaka kumchokoza. Wala uongo wenyewe hakuuokota tu popote. Aliuchagua ule unaouma. Katika mkataba wa bonde, machifu sita walitia saini kuitoa ardhi; wa saba alikataa, akafungwa, akafia gerezani. Bi Nikamate husema kwamba wote saba walitia saini kwa hiari yao, na hakuna mwaka ambao mtoto fulani hakuruka kutoka kwenye kiti chake kumtetea yule mzee.

Mwaka huu mwalimu mkuu aliamua kwamba historia itafundishwa kwa video za mtandaoni, wanafunzi watazame ukumbini, Bi Nikamate abaki na kazi ya kusahihisha madaftari. Alirekodi masomo yote. Mwanzoni mwa kila moja alieleza mchezo wake, na mwishoni aliutaja uongo, kwa ajili ya walioshindwa kuukamata. Kisha hakuzitazama video zenyewe. Kujiona kwenye kioo cha simu kulimtia haya, akaona maoni yanamtosha.

"Hebu tuitazame wenyewe," mwalimu wa hesabu alisema, akivuta kiti. "Labda umeuficha mno."

Video ilianza. Hapakuwa na salamu, hapakuwa na mchezo. Sura yake ilijitokeza tu ikisema, kwa sauti ya mtu anayejiamini, jinsi mkataba ulivyoletwa, na jinsi machifu wote saba walivyotia saini kwa hiari yao. Mwishoni, mahali pa kuutaja uongo, palipigwa muziki na nembo ya shule ikazunguka.

Mwalimu wa hesabu alikitua kikombe chake. 

Fundi wa kompyuta wa shule, aliyezihariri video, alipoulizwa alikiri papo hapo, tena kwa fahari. "Nilikata, mwalimu. Siku hizi watu hawavumilii utangulizi. Na mwishoni nikaweka muziki."

"Zote?"

"Zote! Ndiyo maana zinatazamwa hivyo."

Alisubiri kushukuriwa, masikini. Bi Nikamate alitaka kumkaripia, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga mlango wa ofisi. "Nimekuelewa. Lakini shule zote jirani zinatumia video hizi. Mtihani wa pamoja umetungwa kutokana nazo, umeshachapwa, na majibu ya kusahihishia yamechapwa. Nikiziondoa mtandaoni leo niwaambie nini? Kwamba mwalimu wangu wa historia ni mwongo?"

"Waambie hivyo hivyo, mkuu. Mimi nimekubali."

"Wewe umekubali. Na shule je?" Alipunguza sauti. "Maoni ni mazuri mno, mwalimu. Usiniharibie."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na intaneti.

Jioni ile, nyumbani, aliandika maoni yake mwenyewe chini ya video, kwa akaunti yake isiyo na jina, yenye picha ya ua mahali pa sura: chifu wa saba hakutia saini, alikataa, alifia gerezani. Majibu hayakukawia.

"Wanasemaje?" mumewe, fundi cherehani, aliuliza akiwa ameuma uzi.

"Wananiuliza mimi nani hata nimsahihishe mwalimu. Wananiambia nikasome."

"Basi kasome, Bi Nikamate!" Alicheka peke yake. Kisha akauona uso wake, akasimamisha cherehani. "Samahani, mke wangu."

Siku mbili kabla ya mtihani, aliomba kipindi kimoja na kidato cha mwisho. Aliwaeleza yote: mchezo, video zilivyokatwa, na yule mzee aliyeambiwa atie saini arudi kwa watoto wake, akasema hapana. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, msichana wa mstari wa mbele, aliyekuwa akiutaka udaktari kwa moyo wote, aliinua mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwenye mtihani tuandike ipi?"

"Wewe unaona ipi?"

"Mimi naona ya kwenye video. Ndiyo yenye alama."

Hakusema kwa ujeuri. Wenzake walikuwa wameshashika kalamu. Bi Nikamate aliwatazama, watoto wa watu, kila mmoja na mzazi aliyemwekea matumaini yake yote, na hakumpata hata mmoja wa kumtoa kafara kwa ajili ya marehemu aliyekwisha kufa mara moja. Aliona haya, haya ambayo hakuwahi kuyaona mbele ya darasa.

"Andikeni saba," alisema.

Vichwa viliinama. Alisikia karatasi zikigeuzwa. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza, bila kuinua macho, "Na 'kwa hiari yao', mwalimu, tuandike pia?"

"Nayo ina alama yake," alijibu, akabaki amesimama, akiwasubiri wamalize.