Chui wa Papadi

Kila mwaka kabla ya Diwali, Shangazi Kesar alishuka kwenye treni ya Surat na vitu vitatu: begi lililofungwa kamba, chupa ya achari ya embe, na ugomvi na baba yangu. Begi na achari nilimpokea palepale stesheni ya Jaipur. Ugomvi aliubeba mwenyewe hadi nyumbani. Ulikuwa umenizidi umri.

Ulianza Shangazi akiwa na miaka kumi na moja. Dada yao mkubwa alikuwa anaolewa, na bibi yangu akaanika papadi mia tatu, vile vikaki vyembamba vya unga wa dengu, juu ya paa, akamkabidhi Kesar fimbo afukuze tumbili. Tumbili wa mji wetu ni kama mawakili: ukigeuza shingo tu, umeliwa. Haikupita saa moja, Kesar akashuka ngazi mbio anapiga kelele, "Chui! Kuna chui juu!" Watu wakatafuta marungu, wakabishana nani atangulie, na hatimaye wakapanda. Walikuta tumbili kama kumi na tano wanatafuna papadi za harusi. Chui, hata unyoya wake hakuna. Kofi alilopigwa Kesar na mama yake lilisikika hadi mtaa wa wauza bangili.

Tangu hapo jina lake likawa Chui wa Papadi. Alipoolewa, akazaa, akapata wajukuu, bado kila papadi ikiletwa mezani Baba alikuwa anamwambia, "Kesar, kaa na fimbo karibu."

Mwaka ninaousimulia, Shangazi alikuwa na miaka sitini na mitano na magoti yanayolia kama mlango mbovu. Mwanawe alishamwambia hii ndiyo safari ya mwisho. Asubuhi baada ya Diwali, tunakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Kaka Mangilal, kesho ni siku yetu. Nakwambia mapema, mwaka huu paji lako litabaki tupu."

Baba akaacha kunywa. Siku ile, kwetu, dada humpaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso, anabandika punje za mchele, anamlisha ladu, ule utamu wa mviringo, na kumwombea maisha marefu. Baba hakuwahi kuikosa. Hata mwaka ambao Shangazi alikuwa amejifungua, aliituma rangi kwenye bahasha. Alama ile Baba aliiamini kuliko vidonge vyake vya moyo.

"Unataka nini?" akauliza.

"Useme mbele ya watu kwamba Kesar alimwona chui."

"Na tumbili je, nao niwaombe radhi?"

"Cheka. Kesho utacheka na paji tupu."

"Kusema uongo wakati wa sikukuu ni dhambi, mdogo wangu."

Siku nzima hawakusemeshana. Baba akawa anajishika paji la uso kila mara, kama mtu aliyepoteza miwani.

Mimi nina diploma ya umakanika, ila riziki yangu ni kuendesha jipu la wazi, napeleka wageni kwenye vilima vya nyuma ya mji kuona chui. Chui wa pale wanaishi na sisi ukuta kwa ukuta, usiku wanasikia televisheni zetu. Nikajiambia, nikimwonyesha Baba chui hatua chache kutoka kwenye maghorofa, atalainika. Kulipopambazuka nikawapakia wote wawili.

Asubuhi zile ningezinunua kama zingekuwa zinauzwa. Kuta za mji wa kale zina rangi ya waridi, wauza maua wanamwaga vikapu vya njano barabarani, wanawake wamejitanda vitambaa vyekundu na kijani, ngamia anavuta mkokoteni wa matofali kana kwamba matofali yote ni yake. Shangazi alikuwa analaumu kila kitu.

"Hili si waridi. Hii ni rangi ya dawa ya kikohozi. Enzi zetu kuta zilikuwa waridi hasa."

"Enzi zenu hata chui walikuwa wanakula papadi," Baba akamjibu. Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu jana.

Tukazunguka vilimani saa mbili. Tuliona paa, tuliona tausi wanaringa, tuliona fisi mmoja mwenye aibu. Baba akanigusa bega.

"Dereva, chui wako wameenda sokoni?"

Sijajibu, kima mwenye uso mweusi akabweka juu ya mti, mara moja, kama anakohoa. Wa pili akaitikia. Nikazima gari; kima hubweka hivyo wakimwona chui.

Akatoka kwenye majani makavu upande wa kushoto, chui jike, mabega yanapanda na kushuka taratibu. Alifika katikati ya njia, hatua kumi mbele yetu, akasimama, akageuza kichwa. Kwake, sikuwepo mimi pale, hakuwepo Baba. Alimtazama Shangazi Kesar, na Shangazi akamtazama, amekamata ncha ya sari mdomoni kama mtoto.

Ndipo nikamsikia Baba nyuma yangu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Yule wa kwetu alikuwa mdogo."

Chui akavuka, akapotea. Shangazi hakumfuatilia. Alikuwa amemgeukia kaka yake.

"Wa kwetu yupi?"

Baba akajifanya anamtafuta chui majanini.

"Mangilal! Wa kwetu yupi?"

Baba akaangalia mikono yake. "Nilikuwa kwenye paa la jirani, yule fundi cherehani, nyuma ya tangi la maji. Nina miaka kumi na minne, na sigara ya Baba. Chui alipita juu ya ukuta, akanywa maji kwenye ndoo ya kufulia, akaruka nyumba ya pili."

"Na hukusema!"

"Baba angeniuliza nafanya nini kule."

"Sawa, siku ile. Na miaka hamsini na minne baadaye? Baba amekufa zamani, bado unaogopa fimbo yake?"

Baba akajishika paji la uso. "Ukitaniwa ulikuwa unakasirika. Ukikasirika, mwaka unaofuata ulikuwa unarudi kunigombeza. Surat ni mbali, Kesar. Niliogopa tukiumaliza huu ugomvi utakuja kufanya nini."

Shangazi akainua mkono, akampiga kofi. Si kali, ila la haki.

"Hilo ni la Mama. Nimekutunzia."

Kisha akafungua fundo kwenye ncha ya sari. Ndani mlikuwa na rangi nyekundu kidogo, punje za mchele, na ladu iliyopondekapondeka.

"Kumbe ulibeba!" Baba akasema. "Ungenipaka hata nisingesema."

"Ningekupaka. Ila wewe hukujua. Inamisha kichwa, mwongo wewe."

Akampaka palepale garini, alama ikaenda upande. Baba alikataa kuifuta hadi ilipoondoka yenyewe.

Kweli Shangazi hakuweza tena kusafiri. Alituma rangi kwa bahasha mara mbili. Bahasha ya tatu ilifika Baba hayupo tena duniani, ninayo kabatini, sijaifungua.

Bado naendesha jipu. Nikifika kwenye ile kona, kima wakabweka na chui akatoka, wageni wanabaki midomo wazi. Nami nazima gari, nasema polepole, "Yule wa kwetu alikuwa mdogo." Wanadhani najisifu kuwa nimezoea chui.