Mashuka Kumi na Mawili

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, na Mama Povu akakishika kwa ncha ya kitambaa, kisije kikamwamsha mumewe. Mzee alikuwa amekohoa usiku kucha, ndiyo kwanza usingizi umemwonea huruma. Akakaa pembeni ya kitanda mpaka pumzi ilipotulia. Hivyo ndivyo alivyochelewa kazini, yeye ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuchelewa.

Alikuwa dobi wa hospitali, zama zile rangi ya ngozi ilipompangia mtu mlango wa kuingilia, benchi la kukalia na hata shuka la kulalia. Mashuka ya wodi ya weupe yalitiwa alama ya uzi mwekundu pembeni, ya wodi ya weusi uzi wa buluu, na kila kundi lilikuwa na pipa lake la kuchemshia. Maji yalitoka bomba moja.

"Sabuni peke yake ndiyo haijaambiwa," Mama Povu alipenda kusema.

"Nyamaza, isije ikasikia," angejibu Bibi Sindano, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bibi Sindano alikuwa fundi wa kushona, mjane mweupe asiye na mtoto, na ndiye aliyetia zile alama. Macho yake yalikuwa yakififia. Mwaka wa pili sasa, nyekundu na buluu kwake zilikuwa giza moja, na hilo alilijua Mama Povu tu. Kila alfajiri alimtungia sindano ishirini, za uzi mwekundu kulia kwa mto wa sindano, za buluu kushoto. Hakuombwa. Naye Bibi Sindano aliweka kiti chake cha ziada nyuma ya mapipa, dobi apumzishe miguu iliyovimba, na msimamizi akikaribia, fundi alikohoa mara mbili kumwonya. Hakuombwa pia.

Siku ile Mama Povu alipofika akihema, fundi alikwisha kutunga mwenyewe kwa kupapasa. Mashuka mapya kumi na mawili yalikuwa yamekunjwa mezani.

"Ya wodi ya weupe hayo, yanasubiriwa," Bibi Sindano alisema. "Mzee kaamkaje?"

"Kaamka. Tushukuru hilo."

Akayabeba bila kuyatazama, akili yake ikiwa bado nyumbani. Saa moja msimamizi akashuka na shuka mkononi, kalishika kwa vidole viwili. Lilikuwa na uzi wa buluu. Yote kumi na mawili yalikuwa na uzi wa buluu. Mgonjwa mmoja kateremka kitandani na kukataa kurudi, akasimama ukutani na homa yake, kwa sababu ya shuka ambalo halijawahi kulaliwa na kiumbe.

"Nani kapeleka?"

"Mimi," alisema Mama Povu.

"Ulitazama?"

"Sikutazama."

"Saa kumi uniletee kadi yako ya kazi."

Dobi asiye na kadi hakuruhusiwa kulala mjini. Angepewa siku tatu, yeye na mumewe na kikohozi chake, na dawa za mumewe zilikuwa hapahapa hospitalini. Angeweza kusema neno moja tu: mwulizeni fundi rangi ya huu uzi. Alimtazama Bibi Sindano. Bibi Sindano aliinamia nguo yake, akashona.

Mama Povu akarudi kwenye pipa. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika vizuri. Alikoroga, akakamua, akaanika, na kila alipopita mbele ya kiti kile cha nyuma ya mapipa hakukaa.

Saa sita kengele ya chakula ilipolia, Bibi Sindano alisimama. Akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka ofisini, akaacha mlango wazi.

"Mnafukuza asiyekosa," alisema. "Nipe uzi wowote hapo, uniulize ni rangi gani."

Msimamizi hakumpa uzi. Fundi alitoka bila aproni yake ya kazi, na hakurudi tena kushona. Mama Povu alibaki na kadi, na jioni alimnywesha mzee dawa bila kumwambia kitu.

Zilipita Jumapili tatu ndipo akaenda kumwona Bibi Sindano. Katika mtaa ule wa weupe, watu wa rangi yake walipita mlango wa nyuma, naye akazunguka huko kwa mazoea.

"Huko nyuma unatafuta nini?" Sauti ilitoka mbele. Bibi Sindano alikuwa kaketi kizingitini.

"Nimezoea huku."

"Basi zoea na huku."

Ng'ambo ya barabara pazia lilifunguka, likabaki hivyo. Ndani, mwenyeji alimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi.

"Utaungua."

"Nimeshaungua." Akasukuma kikombe. "Tangu saa moja mpaka saa sita nilinyamaza. Nilidhani watakusamehe."

"Mimi? Walinisamehe lini?"

"Nilijua. Nilijidanganya tu."

Mama Povu alikunywa chai. Alitaka kusema yamekwisha, lakini hayakuwa yamekwisha, na umri wake haukumruhusu kusema uongo kwa adabu. Akachukua ufagio uliokuwa pembeni, akafagia vigae vya sahani iliyovunjika chini ya meza, ambavyo mwenzake hangeviona mpaka vimkate.

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Kaa hapohapo kwanza."

Alipomaliza alijifunga kitambaa kichwani. Bibi Sindano akamsindikiza mpaka mlango wa mbele, akiushika mkono wake palepale pazia linapoona.

"Uje tena, dada," alisema. "Hata kama hujanisamehe. Njoo na hasira zako, tutakaa nazo."