Refa Aliyehama Kivulini

"Kona si goli!" Kaka yangu Mwinyimvua aliipiga meza ya cherehani kwa kiganja hadi mkasi ukaruka. "Mtu apige kona kumi na mbili, asifunge hata moja, halafu umpe mbuzi? Mbuzi wa nini, wa kushindwa kufunga?"

"Sasa wewe unataka nini?" Pantaleo alimjibu kutoka ng'ambo ya barabara, kasimama mlangoni kwake na singilendi, mswaki mkononi. Kuli wa bandarini yule. Sauti yake imezoea kushindana na winchi. "Kona umekataa. Penalti umekataa, unasema mambo ya Wazungu wa redioni. Tukitoka sare tena tufanyeje? Turushe shilingi?"

Hapo baraza lote likapoa. Hata Severa, mpangaji wangu, aliyekuwa anachambua mchele miguuni pangu, alinyamaza, na Severa kunyamaza ni habari ya kutangaza mtaa wa pili.

Niwaeleze. Mtaa wetu huu wa Kariakoo ni mmoja lakini una timu mbili. Upande wa Pantaleo jua la alasiri linawachoma hadi magharibi, ndio Juani. Sisi ni Kivulini. Kila Saba Saba tunashuka viwanja vya Jangwani kucheza, na mshindi anachukua mbuzi. Mbuzi anachinjwa siku hiyohiyo na wote tunakula, hakuna kununiana, ila upande ulioshindwa ndio unaochota maji na kuosha masufuria. Mwaka jana, sabini na tatu, kaka yangu, fundi mwenye wateja hadi wakubwa wa maofisini, alichutama uani kwa Pantaleo akisugua masizi kwa mchanga na jivu. Pantaleo alimletea kigoda. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Na aliyemfikisha pale ni Filbert.

Filbert alikuwa mpangaji wetu, chumba cha mbele kushoto, miaka minne. Mtu wa Masasi, karani wa kuuza stempu pale Posta. Alikuwa na cheti cha urefa, kakitundika ukutani mahali ambapo wenzake wanaweka picha ya harusi. Jioni alipanga vizibo vya soda hapa barazani kutufundisha otea: huyu beki, huyu mshambuliaji, mpira umetoka hapa. Watu walijaa hadi barabarani. Mimi otea niliielewa mwezi wa kwanza. Niliendelea kuuliza.

Siku ile mechi iliisha mbili mbili. Muda wa nyongeza ukaisha vilevile, na jua likawa linazama. Filbert akawaita makepteni, akarusha shilingi: kichwa Kivulini, mwenge Juani. Shilingi ikaangukia mchanga laini, ikasimama kwa ubavu. Watu mia mbili tukainama kuitazama. Kaka akasema, "Rusha tena." Filbert akaitazama kitambo, akasema, "Mwenge," akapuliza filimbi.

Wiki ile kaka hakumwitikia salamu. Wiki ya pili akawa anakula peke yake chumbani ili asikae naye kwenye sinia moja. Mwisho wa mwezi Filbert alifunga godoro lake juu ya mkokoteni, akahamia Ilala. Nyumba hii baba alituachia sisi wawili, lakini kaka ndiye mkubwa. Asiyemtaka yeye, mimi siwezi kumkaribisha. Tuna watu kumi na wanne humu ndani, na mimi napenda nyumba iwe hivyo, kelele hadi uani. Lakini tangu godoro lile litoke, kila tukikaa kula najikuta nawahesabu waliopo, na kila siku mmoja anapungua.

Tena angekuwa amekwenda moja kwa moja, ningezoea. Kumbe kila Jumapili, akitoka kanisani kwa Mtakatifu Yosefu, anapita hapa na baiskeli, taratibu, macho mbele. Kwenda Ilala unashika Uhuru, unanyoosha. Severa aliwahi kuniuliza, "Da Zamda, hivi barabara ya Uhuru wameifunga?" Nikamwambia ashughulike na mchele wake.

Basi Jumapili hiyo ya ubishi, baraza limepoa, nani atokee kwenye kona. Shati jeupe, suruali kaibana kwa kibanio isiingie kwenye mnyororo.

"Refa!" Pantaleo akapiga kelele. "Refa, simama! Njoo utuamulie hapa. Balozi wetu wa nyumba kumi kasema bila kuandikiana namna ya kuamua sare, mwaka huu hakuna mechi."

Filbert akaweka mguu mmoja chini. Mimi hakunitazama.

"Shikamoo, kaka Mwinyimvua."

Kaka akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Marahaba." Ndogo hiyo, lakini ilikuwa ya kwanza tangu Jangwani.

"Kona haziamui kitu," Filbert akasema. "Kona ni beki wako mwoga kuutoa mpira nje."

"Nimesema mimi!" kaka akamwambia Pantaleo.

"Lakini na penalti usizikatae, kaka. Mkitoka sare, rudieni mechi kesho yake. Mkitoka sare tena, tano tano. Majina ya wapigaji yaandikwe kabla, kipa akae mstarini hadi mpira upigwe. Hapo anayeamua ni mguu wa mtu, na kama amekosa, amekosa yeye. Washika vibendera wasiwe wa mtaa huu. Wakimwona refa amekosea wamwite, na kama mpira haujaanza tena, ageuze uamuzi. Si aibu."

"Na shilingi?" kaka akauliza, kichwa bado kwenye kitambaa.

Nilisikia mchele ukidondoka mmoja mmoja kwenye ungo wa Severa.

"Shilingi ikisimama inarushwa tena," Filbert akasema. "Nililijua hilo siku ileile."

"Ulilijua?"

"Nililijua. Ila nilikuwa nalala kwenye nyumba yako, kaka, nakula kwenye sinia lako. Ningerusha tena ikaja kichwa, Juani wote wangesema refa kalishwa wali. Nikaona bora niwaumize ninyi, ninyi ni wangu, mtanielewa. Nikawapokonya haki yenu ili mimi nionekane safi. Nimekaa nalo mwaka mzima."

Pantaleo akakohoa. "Kwa hiyo mbuzi wangu alikuwa wa haramu?"

"Na supu ukarudia," Severa akasema, na watu wakacheka, na hata bega la kaka nililiona likitikisika.

Kisha kaka akainua kichwa. "Mwaka huu tunataka refa mwenye cheti. Mwenye cheti ni huyu. Achezeshe."

"Juani tunaunga mkono!" Pantaleo akasema. "Mtu wa kusema kosa lake hadharani namna hii tutampata wapi?"

Baraza zima likafurahi isipokuwa mimi. Akikubali, ndiyo basi. Hatakanyaga hapa hadi Saba Saba, hatakunywa kwetu hata maji, na filimbi ya mwisho ikilia kutakuwa na watu wengine wanaosugua masufuria na kulitaja jina lake. Ningebaki na Jumapili zangu za baiskeli.

"Sichezeshi," Filbert akasema.

"Kwa nini tena?" Pantaleo akauliza.

"Refa asiwe mtu mwenye hamu ya kukaa barazani kwa mmojawapo. Mimi ninayo." Sasa ndipo alipogeuka upande wangu, mara moja tu, halafu akatazama usukani. "Nitawaletea mtu wa Temeke, anaitwa Elisaria. Yeye hamjui hata mmoja wenu. Ukimpa soda kabla ya mechi anaimwaga mbele yako."

"Huyo ndiye!" Pantaleo akapiga makofi.

Kaka akakunja kitambaa, akakiweka kando ya cherehani. Alichukua muda wake, kama mtu anayepima kiuno cha mteja mkorofi.

"Kwa hiyo wewe Saba Saba huna filimbi."

"Sina, kaka."

"Utasimama upande gani?"

"Kivulini. Kama nafasi ipo."

Kaka akaokota kipande cha uzi kwenye goti lake. "Zamda," akasema, "wali bado tu?"

Wali ulikuwa tayari tangu wanaanza kubishana juu ya kona. Nikasimama, kanga ikanidondoka begani, nikaiacha.

"Filbert," nikaita, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyopanga, hadi ng'ambo wakacheka. "Ingiza baiskeli. Nakumiminia maji ya kunawa. Karibu ndani, uje ule."